Msichana wa Vichwa Vitatu

Katuni nyingi huanza na duara. Mwambie hivyo mtu ambaye hajawahi kuchora na atakucheka: kwani duara ni nini? Sawa, mpe penseli. Atakuchorea kiazi. Akijaribu tena atakuchorea yai. Akikaza roho atakuchorea ile chapati ya kwanza ya mtu anayejifunza kupika, ile yenye kona. Mimi nilijaza kurasa kumi na moja za daftari la Kasuku kwa viazi kabla duara la kwanza kujitokeza, na nilikuwa na miaka 25, umri ambao wenzangu wa shule tayari wanalipia gari za mkopo.

Shida huwa ni mkono. Tangu darasa la kwanza tumefunzwa kuandika kwa vidole na kifundo cha mkono, herufi ndogondogo ndani ya mistari. Kifundo kikizunguka kinafika mahali kinakwama, na pale kinapokwama ndipo kona ya chapati inatokea. Kuchora kunataka bega. Unainua kifundo kutoka kwenye karatasi, unazungusha mkono mzima hewani mara mbili tatu kama mtu anayekoroga sufuria ya harusi, halafu unateremsha penseli huku mkono bado unazunguka. Unapitia duara lilelile mara kadhaa, kwa wepesi, bila kukandamiza. Unapata mistari mingi hafifu, na jicho lako linachagua ule ulio sawa. Hakuna anayekuangalia. Rababa ipo.

Duara likikubali, unaligeuza kuwa mpira. Chukua chungwa, lizungushie zile raba za kufungia noti, moja kutoka juu kwenda chini, nyingine kiunoni. Liinamishe kidogo. Utaona mistari inapinda. Pale inapokutana ndipo pua inakaa, na ule wa kiunoni ndio unaobeba macho. Chungwa likitazama juu, mhusika wako anatazama juu. Likitazama chini, ana huzuni au anatafuta shilingi kumi iliyoanguka. Wiki niliyoelewa hilo nilichora vichwa zaidi ya mia, vyote vya upara, vyote vikitazama pande tofauti kama abiria wa matatu wasiotaka kuonana na konda.

Mimi ni mwandishi, kama hiyo kazi inaweza kuitwa hivyo. Chuo niliacha mwaka wa tatu, karo ilipokataa kutosha, nikaingia kwenye kazi za mtandaoni za kuandikia watu makala. Nimeandika kuhusu magodoro ya watu wenye maumivu ya mgongo, mashine za kukata nyasi, chakula cha paka wazee. Sina paka wala nyasi. Kila makala ilienda kwenye tovuti ya mtu fulani Marekani au Australia ikiwa na jina la mtu mwingine, au bila jina kabisa. Kodi ya bedsita ililipika, na mara moja moja nilituma kitu nyumbani. Halafu mwishoni mwa 2022 ikatoka ile ChatGPT, na kufikia katikati ya mwaka uliofuata, kati ya wateja wangu wanne alibaki mmoja. Huyo mmoja alitaka nisahihishe kilichoandikwa na mashine, kwa nusu ya bei.

Kwa hivyo muda nilikuwa nao. Lakini muda peke yake haukunipeleka dukani kununua penseli. Kilichonipeleka ni Cucu.

Cucu ni mama ya baba yangu, na anaishi Murang'a, kule juu karibu na Kangema ambako mashamba ya chai yanaanza. Mimi nimepewa jina la guka, mume wake, kama desturi ya Wakikuyu inavyotaka kwa mtoto wa kwanza wa kiume, na kwa sababu hiyo amekuwa akiniita "mthuri wakwa", mume wangu, tangu nikiwa kwenye nepi. Ni mzaha wa kina cucu wote wa kwetu. Nikifika ushago ananiuliza kama nimeleta nyama, ama nimekuja na mikono mitupu kama kawaida ya wanaume. Watu wanacheka, chai inamwagwa kwenye vikombe, maisha yanaendelea.

Mwaka juzi aliniuliza mbona nimechelewa hivyo kutoka Nairobi, na kama lori lilipata kutengenezwa. Guka alikuwa utingo wa lori. Alifariki kabla sijazaliwa. Nilingoja acheke, na yeye akangoja nijibu.

Daktari alisema ni ule ugonjwa wa kusahau, na kwamba utaenda mbele tu, haurudi nyuma. Alisema pia jambo ambalo mashangazi zangu walikuwa wameshaliona wenyewe: ya jana ndiyo huondoka kwanza, ya utotoni hukaa zaidi.

Ya utotoni ndiyo sikuwa nayo. Nilijua tu kwamba alikulia "kijijini", na kwetu neno hilo lina maana yake. Serikali ya mkoloni ilitangaza Hali ya Hatari Oktoba 1952, na kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja, wengi wao Wakikuyu, walihamishwa kutoka kwenye maboma yao na kusongamanishwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa handaki na seng'enge, vyenye kafyu na walinzi. Hayo niliyasoma vitabuni. Cucu alikuwa na miaka minane, tisa hivi. Mwaka ulio kwenye kitambulisho chake ni wa kukadiria. Picha yake ya kwanza maishani ni hiyo ya kitambulisho, tayari mama ya watoto. Ukimuuliza kwa maneno kuhusu kijiji anasema "tulikaa, tukatoka", anageukia kuku wake. Na kila nilichowahi kuandika, hata kama kingekuwa na jina langu, asingekisoma. Hakwenda shule.

Basi nikaona nimchore.

Kwa nini katuni, na si picha kamili yenye vivuli na mikunjo ya kope? Kwanza, picha kamili ya nani? Hakuna aliye hai anayejua sura aliyokuwa nayo akiwa na miaka minane. Pili, Scott McCloud, Mmarekani aliyeandika kitabu kizima kuhusu katuni kwa njia ya katuni mwaka 1993, ana hoja ambayo bado naitafuna. Uso ukichorwa kwa undani unakuwa uso wa mtu fulani. Ukipunguzwa hadi duara, nukta mbili na mstari, watu wengi zaidi wanaweza kuingia ndani yake. Nilitaka uso ambao Cucu angeweza kuingia bila kuulizwa kitambulisho.

Tatu, walimu tunao hapahapa. Nilianza kuangalia upya vitu nilivyopita navyo miaka yote. Juha Kalulu wa Edward Gitau alizaliwa miaka ya 1950, miaka ileile ya kijiji cha Cucu, akaishi kwenye Taifa Leo kwa miongo. Mhusika wa kila siku hawezi kuwa na vitufe arobaini kwenye koti, maana kesho utavichora tena, na kesho kutwa. Gado, aliyetoka Dar es Salaam akaja kuchorea Nation mwaka 1992, alipomchora Uhuru Kenyatta wakati wa kesi ya The Hague alimfunga mnyororo wenye mpira wa chuma mguuni. Kitu kimoja tu, na hata asiyesoma maandishi alielewa. Shujaaz, ile iliyoanza 2010 ikitolewa bure ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa, ilinipa miili: Boyie na wenzake hawasimami tu kama watu wanaopigwa picha ya pasipoti, wanaegemea, wanachutama, wanakimbia huku wanaangalia nyuma.

Miili ndiyo iliyonitesa zaidi. Wachoraji hupima mwili kwa vichwa. Mtu mzima wa kawaida ana urefu wa vichwa saba na kidogo: ukichukua kichwa chake ukakipanga juu ya kingine, vitajipanga hivyo kutoka kisigino hadi utosi. Kwenye katuni unabana. Mtu mzima anaweza kuwa na vichwa vitano, mtoto viwili na nusu au vitatu. Msichana wangu nilimpa vitatu. Macho nikayashusha chini ya nusu ya uso, yakawa na nafasi kubwa katikati yake, paji likawa pana, kidevu kidogo. Kanuni hiyo ni ya watoto wachanga wa kweli; mtazame mtoto yeyote aliyebebwa mgongoni utaiona. Vidole nilimpa vinne kila mkono, kama Mickey Mouse. Wachoraji wa filamu za zamani walipunguza kidole kwa sababu sekunde moja ya filamu inakula picha 24, na kidole kisichochorwa ni kazi iliyookolewa. Mimi sina filamu. Lakini mkono wa vidole vitano, ukiwa mdogo, unafanana na kichane cha ndizi.

Halafu kuna mstari wa mwendo. Kabla ya kichwa, kabla ya duara, unachora mstari mmoja uliopinda, kama mabano au kama herufi S, kutoka kichwani hadi mguuni. Huo ndio uti wa tendo. Mtu anayesukuma mkokoteni ni mabano yaliyoegemea mbele. Mtu aliyechoka ni mabano yaliyoanguka. Ukiruka hatua hiyo unapata sanamu la dukani lililovalishwa nguo. Nilijifunza nikiwa pale Kencom, daftari likiwa limefichwa ndani ya gazeti, kila abiria nikimpa sekunde thelathini: mama anayeinua mfuko, kijana anayerukia basi, mzee anayepiga miayo. Hakuna uso, hakuna nguo, ni mstari tu na vijiti. Watu ishirini kwa saa moja, bila bando, bila mwalimu.

Na kuna jaribio la kivuli. Ukimaliza mhusika, mpake weusi wote kama mtu aliyesimama mbele ya jua. Bado unajua ni nani na anafanya nini? Kama hujui, rudi kwenye penseli. Msichana wangu alifeli jaribio hili kwa wiki tatu. Akiwa mweusi alikuwa kiazi chenye miguu.

Rafiki yangu mmoja alinionea huruma. "Manze, si uambie tu mashine ikuchoree?" Akafungua simu yake, akaandika: msichana Mkikuyu, miaka ya 1950, amebeba maji. Ndani ya sekunde chache akatoka binti mrembo, kamili, mwenye shanga za Kimaasai hadi mabegani, mtungi wa udongo kichwani, na nyuma yake jua linazama kwenye mti wa mgunga. Vidole vitano kila mkono, lazima nikiri. Niliiomba picha hiyo. Nilipoenda ushago nikamwonyesha Cucu kwenye simu. Akaitazama kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa picha ya harusi ya wageni. "Huyu ni wa watu gani?" akauliza, akanirudishia simu.

Kisha nikatoa daftari.

Nilikuwa nimemchora msichana kwa nyuma na upande, anatembea, mgongo mtupu, mikono haijashika kitu. Nafasi hizo niliziacha makusudi. Nilikuwa nimegundua kwamba swali likiulizwa kwa mdomo Cucu analikwepa, nikawa nataka kuona atafanya nini na swali lililochorwa.

Alilitazama muda mrefu. Akauliza ni mtoto wa nani.

"Ni wewe, Cucu, ukiwa mdogo. Amebeba nini?"

"Debe," akasema mara moja. Kisha akaudhika. "Lakini hawezi kutembea hivyo. Mukwa uko wapi?"

Mukwa ni ule ukanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso na kushikilia mzigo mgongoni. Akachukua kidole changu, akakipitisha kwenye paji lake mwenyewe, pale juu, na nikausikia: kina cucu wengi wa rika lake wana kijibonde hapo, mfupa uliokubali ukanda. Nimemkumbatia mara ngapi maishani, na sikuwahi kuugusa huo. Akasukuma shingo mbele, akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, akakunja mgongo, mikono ikapanda juu kushika ukanda kando ya masikio. Huo hapo mstari wa mwendo. Nikauchora akiwa bado ameushikilia. Nikaongeza debe, nikaongeza mukwa, nikaupaka mwili wote weusi kwa biro. Kivuli kikasoma. Mtu yeyote kutoka Kiambu hadi Nyeri angejua huyo ni nani na anatoka wapi.

"Viatu vya aina gani?" nikauliza.

"Viatu!" Alicheka hadi akakohoa. Shangazi akaja kuangalia kuna nini.

Alasiri hiyo nilipata mengi kuliko miaka ishirini na mitano iliyotangulia, na yote yalikuja kama malalamiko kuhusu mchoro. Nyumba zimeachana mno, zisogeze, moshi wa kwa jirani uliingia kwako. Lango ni moja, kwa nini umeweka mawili. Handaki halikuwa hivi, lilikuwa pana, na chini yake kulikuwa na miti iliyochongwa ikatazama juu. Mbuzi wa mtu aliangukia humo, na watoto walikatazwa kumtazama. Mtoni walienda kwa kundi, kwa saa iliyopangwa, ngati mmoja mbele na mwingine nyuma. Ngati walikuwa walinzi, Wakikuyu wenzetu waliopewa silaha na serikali.

"Huyu wa nyuma alikuwa nani?" nikauliza, penseli ikiwa tayari.

Akataja jina, jina kamili la mtu na la baba yake. Jina hilo lipo hadi leo kwenye bango la duka moja pale sokoni kwetu. Kwa hao watu tumenunua sukari maisha yetu yote. Shangazi akaweka kikombe chini. Akaniambia kwa Kiswahili, ili Cucu asifuate: "Hayo wachana nayo. Sisi tunaishi na hawa watu."

Nimelifikiria sana hilo. Wajukuu wa yule mtu hawakumshikia bunduki, na mjukuu mmoja tulisoma naye. Lakini Cucu hakutaja jina kwa hasira. Alilitaja kama anavyotaja rangi ya debe. Ni sehemu ya picha. Mwishowe nilimchora ngati wa nyuma akiwa na kofia pana na koti refu, uso ukiwa kwenye kivuli cha kofia. Anasoma kama kivuli. Jina lake limo kichwani mwangu, na kwenye kichwa kimoja kingine ambacho kila mwezi kinaacha kitu njiani.

Tangu siku hiyo kazi imekuwa ya kurudia, na hapa ndipo wanaoanza wengi hukata tamaa. Kumchora mhusika mara moja ni rahisi kuliko kumchora yuleyule mara ya pili. Ukurasa wa pili anarefuka, wa tatu ana macho ya binamu yake. Dawa yake ni karatasi ya mhusika: unamchora akiwa mbele, upande, nyuma na robo tatu, kwenye mistari ileile ya kupimia, utosi kwa utosi, goti kwa goti, halafu unaibandika ukutani. Yangu iko juu ya meko ya gesi na ina doa la mafuta begani. Chini yake nimeandika sheria zake: vichwa vitatu, shingo mbele akibeba, wima akiwa mtupu, jino moja la mbele halipo, hana viatu. Kila ukurasa nikiumaliza naugeuza juu chini, au nautazama kwenye kioo. Mkono wako unazoea upande wake na kuukubali; kioo kinakuonyesha kilichoenda mrama.

Nina kurasa sita sasa, visanduku vinne kila ukurasa, hakuna neno hata moja ndani yake. Napiga chapa saibani, nazituma na gari la mboga, na shangazi ananipigia Cucu akiwa anazisoma. Ndiyo, anazisoma. Kidole kinaanza juu kushoto, kinakwenda kulia, kinashuka. Hakuna aliyemfundisha. Siku nyingine anamjua msichana, siku nyingine anauliza upya ni wa nani, akiambiwa anafurahi upya. Mimi ananiita mthuri wakwa, na sijui tena anamwita nani, na nimeanza kuitika bila kungoja kujua.

Mara ya mwisho nilipokuwa huko, alifika ukurasa wa nne, pale msichana anaporudi na maji na kusimama mlangoni. Akaweka kidole kando ya msichana, kwenye karatasi nyeupe.

"Maitu hayupo," akasema. Mama hayupo.

Sikujua anamaanisha sijamchora, au siku hiyo mama hakuwa nyumbani, au kitu kingine kabisa. Mama yake hakuwahi kumtaja, si kwa baba, si kwa mashangazi. Nilipofungua mdomo kuuliza, alikuwa ameshafunga daftari na anataka kujua kama nimeleta nyama.

Kwa hivyo wiki hii najifunza mwanamke mzima. Vichwa vitano na nusu, mabega mapana kidogo kuliko nilivyozoea, mstari wa mwendo wa mtu anayechimba, kwa sababu najua wanawake walichimbishwa yale mahandaki. Nimemchora akiwa ameinama na jembe. Nimemchora akiwa ameketi. Nimemchora amesimama mlangoni, ndani, akimpokea mtoto debe. Yote matatu yana duara la kichwa na mistari miwili iliyopinda ndani yake, na baada ya hapo sijaweka kitu. Jumapili napanda gari la saa kumi na mbili asubuhi. Nimechonga penseli mbili, na nyama nimenunua.